Wajumbe wa bodi za nyumba za umma

Wajumbe wa bodi za nyumba za umma ni watu wanaoteuliwa au kuchaguliwa kusimamia chombo kinachomiliki na kupangisha nyumba kwa niaba ya serikali, manispaa au wilaya. Wao hawakusanyi kodi wala hawabadilishi bati lililotoboka. Kazi hizo ni za wafanyakazi. Kazi yao ni kuajiri mtendaji mkuu, kupitisha bajeti na kanuni, na kuhoji hesabu. Katika miji midogo ya Marekani wanaifanya kazi hiyo bila mshahara, mara nyingi jioni baada ya shughuli zao za kawaida. Katika Afrika Mashariki bodi za aina hiyo ni za kitaifa na wajumbe wake hulipwa posho. Usimamizi wa kujitolea hupatikana zaidi kwenye halmashauri za vijiji na kamati za shule, kwa mfano katika kata ya Bugwema, mkoani Mara, Tanzania.

Maana

Nyumba ya umma ni nyumba ambayo mwenye nyumba si mtu binafsi bali ni umma kupitia chombo kilichoundwa kwa sheria. Nchini Tanzania watu huchanganya aina tatu. Ya kwanza ni nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), ambazo mwananchi yeyote anaweza kuomba kupanga. Ya pili ni nyumba za Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), ambazo kimsingi ni za watumishi na viongozi wa serikali. Ya tatu ni nyumba za halmashauri za miji na wilaya, pamoja na nyumba za walimu na za wahudumu wa afya zilizojengwa kando ya shule na zahanati.

Tofauti hii ina uzito kwa mpangaji, kwa sababu kila aina ina mlango wake wa kupeleka malalamiko. Mpangaji wa NHC yuko chini ya shirika lenye bodi. Mwalimu anayekaa katika nyumba ya shule yuko chini ya mwalimu mkuu, kamati ya shule na halmashauri ya wilaya. TBA, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, ina bodi ya kumshauri waziri tu.

Chanzo nchini Marekani

Mfumo wa bodi za kujitolea ulikua Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mamlaka ya Nyumba ya Jiji la New York iliundwa mwaka 1934, na majengo yake ya kwanza, yaitwayo First Houses, yalifunguliwa mwaka 1935.

Serikali ya shirikisho ilitaka mwanzoni kujenga nyumba yenyewe. Mwaka 1935 mahakama ya shirikisho, katika kesi ya viwanja vya mji wa Louisville, iliamua kwamba serikali hiyo haina uwezo wa kutwaa ardhi ya watu kwa ajili ya kujenga nyumba za kupangisha. Majimbo yalikuwa na uwezo huo. Kwa hiyo sheria ya nyumba ya mwaka 1937, iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 1 Septemba, ilichukua njia nyingine: Washington itoe fedha, jimbo litunge sheria, na mji uunde mamlaka yake ya nyumba yenye bodi yake. Basi bodi za wenyeji zilitokana na kikwazo cha mahakama zaidi kuliko na hamu ya kuwapa wananchi madaraka.

Leo kuna mamlaka za nyumba takriban 3,300 nchini humo. Ile ya New York pekee ina nyumba zaidi ya 150,000, lakini nyingi ni ndogo, na baadhi husimamia nyumba chache kuliko mtaa mmoja wa Musoma. Sheria za majimbo hutofautiana. Kwa kawaida meya huteua wajumbe watano, ambao huitwa makamishna, kwa vipindi vinavyopishana ili wasiondoke wote kwa pamoja. Katika jimbo la Washington sheria inasema wazi kwamba kamishna halipwi kitu isipokuwa kurudishiwa gharama zake, kama nauli. Katika miji midogo ya Massachusetts baadhi ya wajumbe huchaguliwa na wananchi kwa kura.

Watu wanaokubali kazi hii katika mji mdogo huwa mwalimu mstaafu, mchungaji, mwenye duka, karani wa benki, muuguzi. Wachache wamewahi kusoma hesabu za shirika kabla ya kuteuliwa, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Kazi za bodi

Jukumu zito kuliko yote ni kumwajiri mkurugenzi mtendaji na, ikibidi, kumwachisha kazi. Mkurugenzi ndiye anayeandaa ajenda na taarifa za fedha, na ndiye anayezifahamu kanuni za serikali kuu kwa undani. Mjumbe anayekutana naye mara moja kwa mwezi hutegemea yale anayoambiwa. Bodi isiyouliza maswali hugeuka kuwa mhuri wa mkurugenzi.

Bodi pia hupitisha sera ya kupokea wapangaji: nani atangulie kwenye orodha ya kusubiri, kipi kinamfanya mwombaji akataliwe, na mpangaji aliyechelewa kulipa apewe muda gani. Kiwango cha kodi chenyewe hakiko mikononi mwa bodi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1969 marekebisho yaliyopendekezwa na Seneta Edward Brooke yaliweka ukomo wa asilimia 25 ya kipato cha familia, na mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa hadi asilimia 30. Matokeo yake ni kwamba mamlaka inayopangisha watu maskini zaidi hukusanya kodi ndogo zaidi, na pengo huzibwa na ruzuku ya serikali kuu. Ruzuku ikipungua, paa linavuja.

Suala la kumtoa mtu ndani ya nyumba ndilo linaloleta mabishano makali. Mwaka 2002 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi iliyotoka mji wa Oakland, iliamua kwamba mamlaka ya nyumba inaweza kumfukuza mpangaji kwa sababu ya dawa za kulevya za mtu wa nyumbani mwake au mgeni wake, hata kama mpangaji mwenyewe hakujua. Uamuzi huo unaruhusu kufukuza lakini haulazimishi. Bibi kizee ambaye mjukuu wake amekamatwa na bangi kwenye maegesho ya magari anaweza kubaki au kutolewa, kutegemea sera iliyopitishwa na watu watano na namna wafanyakazi wanavyoitumia.

Serikali kuu hupima kila mamlaka kwa alama 100: hali ya majengo 40, fedha 25, uendeshaji 25, na matumizi ya fedha za ukarabati 10. Inayopata chini ya 60 huwekwa katika kundi la zenye matatizo. Mamlaka zenye nyumba na hati za ruzuku ya kodi zisizozidi 550 kwa jumla zilipunguziwa makaratasi mwaka 2008, lakini bado zinatakiwa kuwasikiliza wananchi hadharani kila mwaka.

Kuhusu mgongano wa maslahi, mkataba kati ya mamlaka na serikali kuu unamkataza mjumbe kuwa na faida yoyote katika zabuni za mamlaka wakati wa ujumbe wake na kwa mwaka mmoja baadaye. Katika mji ambao fundi bomba ni mmoja na ni shemeji wa mjumbe, sharti hilo si jepesi kama linavyosomeka.

Kiti cha mpangaji

Kwa miongo mingi wapangaji walisimamiwa na watu ambao hawajawahi kupanga nyumba ya umma. Sheria ya mwaka 1998, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, iliagiza kila bodi iwe na angalau mjumbe mmoja anayehudumiwa moja kwa moja na mamlaka hiyo. Mamlaka yenye nyumba chini ya 300 husamehewa ikiwa imewatangazia wapangaji na hakuna aliyejitokeza. Msamaha huo hutumika mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: mpangaji anaogopa kumhoji mtu anayeshika mkataba wake wa nyumba, na mikutano ya jioni huwagharimu wenye watoto wadogo au kazi za zamu.

Mpangaji akikaa kwenye bodi ana haki zote za mjumbe. Anapiga kura juu ya kodi na kanuni zinazomhusu mwenyewe, ila hashiriki katika jambo linalomgusa yeye peke yake, kama malimbikizo yake ya kodi.

Bodi inaposhindwa

Mfano unaotajwa sana ni wa Cairo, mji mdogo wa jimbo la Illinois unaoandikwa kama jiji la Misri. Nyumba zake za umma zilikuwa chini ya mamlaka ya wilaya ya Alexander. Majengo mawili makubwa, Elmwood na McBride, yaliachwa yaharibike kwa miaka mingi: panya, kunguni, mifumo ya joto isiyofanya kazi. Februari 2016 wizara ya nyumba ya Marekani iliichukua mamlaka hiyo na kuweka bodi kando. Mwaka uliofuata ilitangaza kwamba majengo hayo hayawezi kukarabatiwa na kwamba wakazi wake, karibu watu 400, wahame. Cairo haikuwa na nyumba nyingine za kutosha, hivyo wengi walilazimika kuuacha mji wenyewe. Mkaguzi wa wizara alieleza mwaka 2018 kwamba wizara ilikuwa na habari za matatizo hayo tangu angalau mwaka 2010. Kwa hiyo lawama haikuwa ya bodi peke yake, bali wenyeji walikuwa wa kwanza kuona na wa mwisho kusema.

New Orleans, ambao ni mji mkubwa zaidi, ulikaa bila bodi ya kawaida kuanzia 2002 hadi 2014, mamlaka yake ikiwa mikononi mwa serikali kuu.

Nchini Uingereza nyumba za umma humilikiwa zaidi na halmashauri za miji. Baadhi ya halmashauri hukabidhi uendeshaji kwa shirika lenye bodi ambamo wapangaji wana viti. Ndivyo ilivyokuwa Kensington na Chelsea, London, ambako ghorofa la Grenfell liliungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72. Wakazi walikuwa wamelalamika kwa miaka kuhusu usalama wa moto. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ililikosoa vikali shirika hilo kwa namna lilivyowatendea wakazi na kusimamia usalama, pamoja na kampuni zilizouza vifaa vya kuta na serikali yenyewe. Viti vya wakazi kwenye bodi havikutosha kuwafanya wakazi wa ghorofa hilo wasikike.

Tanzania

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 45 ya mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuondoa nyumba duni za mijini na kujenga bora mahali pake. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliiwezesha serikali kuchukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa karibu miaka ishirini nchi ikawa na wenye nyumba wakuu wawili wa umma, hadi Sheria Na. 2 ya mwaka 1990 ilipowaunganisha katika NHC ya sasa, yenye nyumba zaidi ya 18,000.

Mwenyekiti wa bodi ya NHC huteuliwa na Rais, na wajumbe huteuliwa na waziri mwenye dhamana ya nyumba. Mkurugenzi Mkuu naye ni mteule wa Rais. Hii ni tofauti kubwa na mfumo wa Marekani: bodi inamsimamia mtendaji ambaye haikumwajiri na haiwezi kumwachisha kazi kwa uamuzi wake. Juu ya bodi wako Msajili wa Hazina, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kamati ya Bunge inayoshughulikia uwekezaji wa mitaji ya umma. Wajumbe hulipwa posho, kwa hiyo kusema wanajitolea si sahihi, ingawa ajira zao kuu ziko kwingine.

Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo shirika limepanga kodi zake kwa kuangalia soko zaidi, na mvutano wa zamani umebaki palepale. Shirika linatakiwa lijiendeshe bila ruzuku na wakati huohuo lijenge nyumba ambazo mtu wa kipato cha chini anazimudu. Malimbikizo ya kodi yamefikia mabilioni ya shilingi kwa nyakati mbalimbali, na taasisi za serikali zenyewe zimekuwa miongoni mwa wadaiwa. Ni vigumu kwa bodi kuidhinisha mjane wa Upanga atolewe vyombo nje huku ofisi ya umma yenye deni kubwa zaidi ikiendelea na kazi ghorofa ya chini.

Historia ya Magomeni Kota, Dar es Salaam, inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda mahali pasipo na bodi. Kaya 644 zilizokuwa zikikaa katika nyumba hizo za halmashauri ziliondolewa ili eneo lijengwe upya, na ujenzi haukuanza kwa miaka. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika na kuagiza serikali ijenge. TBA ilisimamia kazi hiyo, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa hayo Machi 2022. Tatizo lilitatuliwa kwa ziara ya kiongozi wa nchi.

Nchi jirani na Zanzibar

Kenya ilikuwa na bodi kuu ya nyumba tangu 1953, iliyogeuzwa kuwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1967. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 iliongeza bodi mpya inayosimamia fedha za tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, pamoja na kamati katika kaunti. Tozo hiyo ilipingwa mahakamani, na sheria ya awali iliyoianzisha ilitamkwa kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023.

Uganda iliunda shirika lake mwaka 1964, na baadaye likawa kampuni. Zanzibar, ambako maghorofa ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ilitunga sheria ya Shirika la Nyumba mwaka 2014.

Mara na Bugwema

Katika Mkoa wa Mara shughuli za NHC ziko zaidi mjini Musoma. Shirika hilo lilikuwa pia mkandarasi wa hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa. Hakuna mamlaka ya nyumba ya manispaa. Mpangaji wa mjini mwenye shida huanzia ofisi ya shirika au kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye huchaguliwa kila baada ya miaka mitano pamoja na kamati yake lakini hana madaraka juu ya nyumba za NHC.

Bugwema ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ile inayoitwa Musoma Vijijini, yenye kata 21 na vijiji 68. Kata hiyo ina vijiji vinne: Bugwema, Kinyang'erere, Masinono na Muhoji, na inajulikana kwa bonde lake la kilimo cha umwagiliaji. Huko karibu kila familia inakaa katika nyumba iliyoijenga yenyewe. Nyumba za umma ni zile za walimu na wahudumu wa afya, na usimamizi wake uko mikononi mwa watu wasiolipwa mshahara.

Chombo cha juu ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hutakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25 kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, huchaguliwa na wanakijiji. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Mpangilio huu unafanana na bodi na mkurugenzi wake, na una udhaifu uleule wa Dodoma: wajumbe wa kijiji hawamwajiri mtendaji wao.

Shule ikitaka nyumba ya mwalimu, kamati ya shule hupeleka hoja kijijini. Wanakijiji huchangia nguvukazi, yaani kusomba mawe, mchanga, kokoto na maji, na michango ya fedha kwa kadiri walivyokubaliana. Boma likifika kwenye lenta huombewa fedha za serikali za kupaua na kumalizia. Pale fedha za serikali zinapotumika kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kujenga kwa kutumia mafundi wa eneo badala ya mkandarasi, huundwa kamati za manunuzi, mapokezi na usimamizi wa ujenzi, zenye wanakijiji ndani yake. Mjumbe wa kamati ya mapokezi ndiye anayehesabu mifuko ya saruji inaposhushwa na kutia saini. Akisaini mifuko ambayo haikufika, jina lake ndilo litakalosomwa mkaguzi akija, na majirani zake ndio waliobeba mawe.

Huko Muhoji wananchi walianza kujenga sekondari yao wenyewe, kwa kuwa watoto walikuwa wakitembea umbali mrefu kufika sekondari ya kata. Shule mpya huleta madarasa kwanza na nyumba za walimu baadaye, wakati mwingine baadaye sana. Mwalimu aliyepangiwa kituo kama hicho hutafuta chumba kwa mwenyeji, au hukaa mbali na kuja kwa pikipiki, na wengine huomba uhamisho. Kwa sababu hiyo swali la nani ajengewe kwanza, mwalimu wa sayansi, mganga wa zahanati au mkuu wa shule, hujadiliwa kwenye mikutano ya vijiji kwa ukali ambao makamishna wa Illinois wangeutambua.

Nyumba ikishakamilika, mara nyingi hakuna fungu la kuitengeneza. Kodi haitozwi, au ni kidogo, na kitasa kikiharibika mwalimu hukinunua mwenyewe.